Fimbo ya Biliadi Ndani ya Mzigo wa Kuni

Wajukuu wangu, mnaponiona kanisani nimeketi mbele na kitambaa cheupe kichwani mnadhani nilizaliwa na heshima hii, lakini leo nasema ukweli, na mwenye kucheka acheke: mimi Wanja, binti wa Ngari, niliwahi kuinama mbele ya kijiji kizima, makalio yakimtazama baba mkwe wangu, askari wenye bunduki wamenizunguka. Aibu hiyo nimeibeba tangu ujana wangu na haijapungua uzito hata kidogo.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, serikali ya wakoloni ikiwasaka Mau Mau msituni, tumehamishwa kutoka mashamba yetu tukarundikwa kijiji kimoja upande wa Karurumo, mtaro umechimbwa pande zote na miti iliyochongwa imesimamishwa ndani yake, na mlango ni mmoja tu, unalindwa na homgadi, wenyeji wenzetu waliopewa bunduki na serikali. Mume wangu Nyaga alikuwa na kazi Embu, kwenye kilabu cha wazungu, kazi ya kutunza meza ya biliadi, kuipiga brashi na kupangusa zile fimbo (mchezo wenyewe ni ndugu wa hii puul mnayochezea huko Nkubu badala ya kwenda shamba). Kazi hiyo ndiyo iliyompa pasi, ile karatasi ya ruhusa ya kutembea. Asiye na kazi hana pasi, na asiye na pasi alipakiwa kwenye lori, na walipopelekwa akina Namu na Kathuri wa nyumba ya tatu kutoka kwetu sisi hatukujua hata ni upande gani.

Sasa siku moja nilipata ruhusa nikampelekea Nyaga chakula, nikamngoja nyuma ya jikoni ya kilabu, na hapo palikuwa na mti wa makorobia, yale maparachichi makubwa, yameiva yananitazama. Ukutani kulikuwa na kijiti kirefu kizuri, kimeegeshwa kikauke. Nilijua ni kijiti tu. Nikapiga korobia la kwanza, likaanguka, nikapiga la pili, kijiti kikasema *kwa!* kikakatika vipande viwili.

Nyaga alipotoka hakunipigia kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikaa chini kwenye majani.

"Wanja, hiyo ni fimbo ya Kanua."

Kanua ni mzungu mmoja wa kahawa, tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukufungwa. Alikuwa safarini na angerudi Jumamosi kucheza. Fimbo kama hiyo ilitoka Nairobi, ng'ombe wetu wote wasingetosha kuilipa.

"Tafuta mtu wa kuchonga," Nyaga akaniambia, akanikatia kamba ya katani ya urefu wa ile fimbo, akafunga mafundo palipo nene na palipo nyembamba, akanipa na kile kipande cha mkononi kiwe mfano. "Na ikiisha ibebe begani, watu waione. Usiifiche. Umesikia?"

Nilisikia.

Mafundi wa kweli walitaka mbuzi. Aliyekubali kuku mmoja alikuwa Ireri wa Marigu, kijana wa kijijini kwetu aliyekaa na fundi Mhindi miezi michache tu, akarudi amejifunza kushika randa na kuringa. Mpaka siku hiyo alikuwa ametengeneza vigoda vinne (kimoja kilimwangusha mama yake) na mlango mmoja ambao haukufunga. Lakini alichonga ile fimbo kwa mti wa mutamaiyu, mgumu kama chuma, akaisugua kwa majani makavu yenye kukwaruza, akaipaka mafuta ya mbarika, na kila jioni aliiviringisha juu ya jiwe la bapa aone kama imepinda. Ilikuwa imepinda kidogo. Akasema kila kitu kina tabia yake.

Ijumaa, saa zile tulizoruhusiwa kwenda kuni, alinikabidhi huko mtoni. Nchani ameivalisha kofia ya shaba inayong'aa, na juu ya shaba amebandika kiduara cha ngozi kwa gundi.

"Shaba umetoa wapi, Ireri?"

"Mama, wewe leta kuku."

Dereva wa lori la mahindi angeipitia asubuhi kuifikisha Embu. Mimi nilikuwa na kazi moja tu, kuiingiza kijijini. Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu, kwa sababu nilimfikiria Mbogo mlangoni, homgadi aliyenichumbia kabla ya Nyaga nikamkataa, nikafikiria maswali yake na kicheko chake, nikaona ni afadhali niichomeke katikati ya kuni. Nikafunga mzigo, nikaweka ukanda kwenye paji la uso, nikaenda.

Mbogo aliwapitisha wenzangu wa kuni, Wambeti na Igandu na Rwamba, bila neno. Nilipofika mimi akaweka mkono kwenye mzigo.

"Mke wa kilabu, leo umebeba kuni ndefu hivi, unapikia ndovu?"

"Ni kuni tu."

Akavuta. Ikatoka polepole, laini, nyeusi, inanukia mbarika.

"Kuni gani hizi zinazopakwa mafuta?"

Akakwaruza ngozi ya nchani kwa ukucha, ikabanduka (gundi ya Ireri!), na chini yake nikaona nilichokuwa sijaona: mduara wa shaba wenye herufi na alama katikati. Kila mtu pale aliujua. Lilikuwa ganda la risasi.

Jamani, siku hizo risasi moja ilitosha kukunyongesha, na bunduki za msituni zilitengenezwa hivyo hivyo, kwa mbao na vyuma vya kuokota. Mbogo akapiga filimbi. Kijiji chote kikatolewa, kikapangwa mistari, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, na mbele ya wanaume alisimama baba mkwe wangu, mzee Njeru, mtu ambaye mimi sikuwahi hata kula mbele yake. Akaja mzungu kijana wa polisi na karani wake Munyi wa kutafsiri.

"Bwana anauliza, ni bunduki ya nani?"

"Si bunduki. Ni ya mchezo wa kilabu."

"Bwana anauliza, aliyetengeneza ni nani?"

Mimi ninayekumbuka majina ya watu wote, mpaka la mbwa wa jirani, nikasema, "Jina nimesahau." Mbogo akaniwekea mtutu begani. Nilihesabu vidole vya miguu yangu, nikamwaza Nyaga.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mistari, nyembamba kama ya mtoto. "Ni mimi, bwana." Ireri. Bado ana vumbi la mbao kichwani. "Ganda nililiokota hapo nyuma ya posti ya homgadi, wanapojifunzia kulenga. Sikujua ni vibaya. Najifunza kazi tu."

Mzungu akaligeuza ganda, akaisoma ile alama, akaomba risasi moja ya Mbogo, akazilinganisha. Alama ilikuwa moja. Kumbe maganda yote yalitakiwa kurudishwa, na wa kuyaokota alikuwa Mbogo mwenyewe. Mtutu ukatoka begani mwangu.

Lakini hatukuwa tumepona. Mzungu akaninyooshea fimbo.

"Bwana anasema, kama ni ya mchezo, cheza."

Wakaleta meza wanayoandikia majina, wakachukua viazi mviringo viwili kwenye kikapu cha Wambeti. Mimi mchezo niliuona dirishani mara moja tu. Nilichokumbuka ni kwamba mchezaji huinama sana, kidevu kifike mezani. Na meza ilikuwa imewekwa hivi kwamba mzungu yuko mbele yangu, na nyuma yangu ni nani? Mzee Njeru. Kwetu mke hampi mkwe wake mgongo namna hiyo, heri angenipiga risasi.

Nikainama. Wanawake wakapiga ukelele wa kushtuka, nikasikia Igandu akisema, "Uuui, Wanja!" Nikafumba jicho moja, nikapiga. Kiazi cha kwanza kikakigonga cha pili, cha pili kikaruka mezani kikampata Mbogo kwenye goti.

Mzungu alicheka mpaka akashika kofia. Aling'oa ganda kwa koleo akalitia mfukoni, fimbo akanirudishia, Ireri akatandikwa viboko vinne na kuachiliwa. Usiku huohuo Ireri alibandika pembe ya ng'ombe mahali pa shaba, asubuhi fimbo ikaondoka na lori. Jumamosi Kanua aliichezea, mipira yote ikaelekea kulia, akasema meza imeinama, Nyaga akatia kipande cha ubao chini ya mguu mmoja wa meza, na kazi yake ikabaki.

Mzee Njeru hakusema nami miezi mingi. Tulipika pombe ya muratina ya kuomba radhi, nikampelekea pembe ya kunywea nikiwa nimepiga magoti, macho chini. Akanywa yote taratibu, akafuta ndevu.

"Binti wa Ngari," akasema, "kile kiazi ulikilenga sawasawa."

Tangu siku hiyo kitu kisicho na hatia nakibeba begani, hata kiwe cha ajabu namna gani, wanaotaka kuuliza waulize. Na korobia sipigi. Nangoja lianguke lenyewe.