Stendi ya Mikono Miwili

Mafundi wenzake walimwita Pima Mbili, kwa sababu hakuwahi kukata ubao kabla ya kuupima mara mbili. Alikuwa seremala wa kazi safi, na alikuwa na jambo moja tu la kujisifia: mke. "Nyie wake zenu wanawafokea kutwa," aliwaambia. "Wangu hana maneno mengi. Miaka ishirini na sita, nyumba imetulia tuli."

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkewe alikuwa kiziwi tangu utotoni! Wao wawili walielewana kwa alama walizojitungia: kula, maji, mgeni kaja, nenda kalale. Alama ishirini hivi, basi. Lugha ya alama yenyewe, ile kamili, aliijua mke na binti yao wa pekee, aliyejifunza kabla hata hajaota meno. Baba alisema atajifunza kazi zikipungua. Haya, kazi ya fundi hodari hupungua lini?

Binti alipohamia mji mwingine kufundisha, alimnunulia mama yake simu ya kuonana uso kwa uso. Lakini mkono mmoja ukiwa umeshika simu, unabaki mmoja wa kusema, na maneno yanatoka nusu nusu. Mama akaiegemeza kwenye birika, ikateleza. Akaiegemeza kwenye chupa ya chai, ikaanguka kifudifudi.

"Baba," binti akamwambia asubuhi moja kwa simu, "watu unawatengenezea makabati, halafu mama yangu anaegemeza simu kwenye birika?"

Yalimchoma. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini aibu ni aibu. Asubuhi ileile akapekua boksi la mabaki, akatoa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja, amtengenezee mkewe stendi ya simu. Kwenye chumba cha kazi, hapo hapo nyumbani, meza yake ilikuwa imepigiliwa ukutani, chini ya dirisha, mwanga umwangukie vizuri. Nyuma yake, mlangoni, mkewe alikaa kwenye kigoda akichambua maharage, kama siku zote. Akapima, akapima tena, akakata, akapiga randa na msasa. Ubao wa chini, ubao wa kuegemea, ukingo wa kuzuia simu isiteleze. Akagandisha kwa gundi, akaupima mwinamo kwenye uso wa mkewe: sawasawa kabisa.

Jioni binti alipopiga, alicheka hadi machozi. "Baba, umemkata Mama mikono! Naona pua tu hapa. Sasa mimi nizungumze na pua?"

Lo! Pima Mbili alipigwa na butwaa. Angewatengenezea watu wote duniani, wangeshukuru. Kwa mkewe yeye, alikuwa amesahau mdomo uko wapi.

Kesho yake akaibomoa. Akafunga bawaba kati ya mbao mbili, akachonga mikato mitatu kwenye ubao wa chini, akaweka kijiti cha kuegemeza nyuma. Kijiti kikikaa mkato wa kwanza, unaona uso. Mkato wa tatu, simu inalala nyuma kidogo, na kiti kikisogezwa nyuma unaona mtu mzima na mikono yake yote.

Simu ikalia, mke akapokea, akainua mikono miwili.

Jamani! Macho yalimtoka fundi pima. Yule mwanamke asiye na maneno mengi alikuwa anamwaga maneno kama mvua. Vidole vinaruka, nyusi zinapanda, mashavu yanajaa, anamwigiza jirani anavyotembea, anamkatiza binti, anacheka mpaka anajipiga paja. Nani huyu? Ameishi wapi siku zote?

Kisha akaona alama moja ikijirudia: mkono unatupwa juu ya bega, unagonga mgongo. Alihesabu mara saba.

"Mwanangu," akainama kwenye simu, "hii ya kujigonga mgongo ni nini?"

Binti akajibu: "Ni wewe, Baba."

"Mimi?"

"Ndilo jina lako. Mgongo. Tangu mimi mdogo. Kiziwi ukimpa mgongo, umemziba mdomo. Na wewe, Baba, kutwa umempa mgongo."

Fundi akauliza: "Sasa anasema nini kuhusu huyo Mgongo?"

Binti akamwuliza mama yake kwa mikono. Mama akamtazama mumewe, akaitikia kwa kichwa: mwambie.

"Ile safari yake ya Jumamosi ya kuja kwangu si ya wiki mbili kama ulivyoambiwa, Baba. Anataka kukaa huku moja kwa moja. Anasema huku yupo wa kuzungumza naye. Mimi nilidhani unajua."

Alikuwa hajui! Sanduku lilikuwa limefungwa pembeni ya kitanda na yeye mwenyewe ndiye aliyelitengenezea kitasa. Alitoka, akakaa kwenye kigoda cha mkewe pale mlangoni, akatazama kilichokuwa kikitazamwa. Meza. Ukuta. Msumari wa kutundikia shati. Miaka ishirini na sita, hapo katikati ulikuwepo mgongo wake.

Akachukua nyundo. Mkewe hakusikia kishindo, lakini sakafu ilitetemeka mpaka kwenye nyayo zake, akaja mbio. Alikuta meza imeng'olewa, ukuta umetoboka, mumewe anaiburuta peke yake igeukie mlango. Mwanga sasa utampiga kisogoni, kazi itakuwa na kivuli. Shauri yake!

Akainua mikono, akafanya alama aliyofundishwa na binti kwa simu dakika chache kabla, ikatoka kama mtu anayefukuza nzi: niambie.

Mke alishika mdomo. Kisha akamwambia, na hakumpunguzia. Fundi hakuelewa hata moja ya kumi, ila aliona hasira, akaiona vizuri sana, na hakugeuka.

Jumamosi mke alisafiri hivyo hivyo, na sanduku lake. Hakusema atarudi. Fundi aliporudi kutoka stendi ya mabasi, alikuta ile stendi ya simu juu ya meza yake ya kazi. Mke hakuwa ameisahau; ilikuwa imefutwa vumbi, na kijiti kimewekwa mkato wa tatu, ule wa mikono.

Akaweka simu yake, yenye kioo kilichopasuka, akasogeza kigoda nyuma. Ilipolia, mkewe alitokea amekaa kando ya binti yao. Akainua vidole vyake vigumu vilivyojaa makovu ya patasi: utarudi?

Mke akatikisa kichwa, moyo wa fundi ukapasuka. Kumbe alikuwa anamsahihisha. Akamwonyesha jinsi kiganja kinavyogeuzwa, akasubiri. Fundi akauliza upya, polepole.

Mke akainua vidole viwili. Wiki mbili.

Na Pima Mbili, machozi yakimtoka, akauliza tena, kama anayepima ubao mara ya pili.