Vidonge vya Ubongo vya Mzee Akonaay

Asubuhi ya kwanza Akonaay alipomwamkia mkewe shikamoo, Bernadina alicheka hadi akashika ukuta. Wana wajukuu, wamezeeka pamoja palepale kijijini Masieda, halafu leo mume anainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mama," kama mtoto aliyetumwa kuomba chumvi kwa jirani. Alidhani anataniwa. Asubuhi ya pili hakucheka. Ya tatu alilia jikoni, na moshi ukamsaidia kuficha. Baada ya hapo akaanza kuitikia, "Marahaba," huku anakoroga uji, na kazi za siku zikaendelea. Moyo wake ukafa ganzi. Hakuwa na hasira wala huzuni, na alipoulizwa na majirani kanisani anaendeleaje, alijibu kwamba anaendelea vizuri, na hakuwa anadanganya.

Daktari wa hospitalini Haydom, binti mpole kutoka Bukoba, aliwaambia ukweli. Ugonjwa wa mzee hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Atembee, ale vizuri, azungumzishwe, asiachwe peke yake. Bernadina alishukuru akainuka. Mwanawe wa kwanza, Wilbard, hakuinuka. Wilbard ana duka la vifaa vya ujenzi pale Haydom na hapendi kuambiwa kwamba kitu fulani hakitengenezeki.

Ndiyo maana haikupita wiki akamleta Godlisten. Huyu alikuwa mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, na baada ya vipindi aliuza virutubisho. Alikuja na begi jeusi na sauti ya mtu anayefundisha darasa lenye kelele.

"Shikamoo, mama. Usikate tamaa. Ubongo wa mzee haujafa, umekauka tu," alisema, akipanga makopo juu ya stuli. "Hivi ni vidonge vya mafuta ya samaki. Hivi vimetengenezwa kwa majani ya ginko, mti wa Wachina. Na huu ni unga wa mlonge na rozimari, unakoroga kwenye maziwa. Asubuhi na jioni, usiruke hata siku moja."

"Atanijua?" Bernadina akauliza.

"Mama, atakuambia hadi gauni ulilovaa siku ya harusi."

Bernadina hakuwa na haja ya gauni. Alitaka jina lake. Wanaume wengine pale kijijini huwaita wake zao kwa majina ya watoto, Mama Fulani na Mama Fulani, lakini Akonaay tangu ujana alimwita Bernadina, jina zima, hata mbele ya wageni, mpaka mawifi wakawa wanamsema. Aliitwa hivyo akiwa na mimba, akiwa shambani, akiwa amekosa. Sasa alikuwa "mama", basi. Kama vidonge vingemrudishia hilo jina mara moja tu, vingekuwa vimefanya kazi yao.

Akaanza kumpa. Mzee alimeza kwa utiifu wa kusikitisha. Katika maisha yake yote hakuwahi kugusa samaki, kwao samaki hakuhesabiwa kuwa chakula, na sasa kila baada ya uji alikaa juani akicheua harufu ya samaki na kutazama nyuma yake, akitafuta nani kamleta huyo samaki nyumbani kwake. Jambo hilo lilimchekesha Bernadina kidogo. Lilikuwa karibu jambo pekee lililomchekesha.

Lakini Wilbard hakuwa akinunua kwa ajili ya jina la mtu. Tusimseme vibaya, alimpenda baba yake. Ila alimpenda akiwa na swali. Huku kwetu mzee mwenye akili haweki ng'ombe wote zizi moja. Huwapeleka wengine kwa rafiki wa mbali, alfajiri, kabla majirani hawajaamka, ili ukame au ugonjwa ukija usimmalize. Rafiki atakunywa maziwa, ndama watabaki wa mwenyewe. Na alipo ng'ombe huyo hapaandikwi popote, hukaa kichwani mwa mzee. Wilbard alijua tangu utotoni kwamba kuna ng'ombe mwekundu aliyeondoka nyumbani na hakurudi, na kwamba kwa sasa lazima awe na uzao. Kwa nani, ndilo baba alilokuwa amelisahau pamoja na mengine. Kila alipoleta kopo jipya, alichuchumaa mbele ya mzee na kuuliza taratibu, "Baba, yule mwekundu ulimpeleka wapi?" Mzee alimtazama na kusema, "Chai ipo?"

Na hapa ndipo penyewe: Bernadina alijua. Alijua jina la rafiki, kijiji, na njia ya kufika. Mwaka ule watoto walikuwa wadogo na yeye ndiye aliyekwenda na mumewe kumpeleka. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu mambo ya ng'ombe waliowekwa kwa watu ni ya wanaume, na Wilbard asingewaza kwamba jibu lilikuwa linamkorogea uji.

Mwanzo alinyamaza kwa sababu Akonaay alimwomba hivyo zamani. Baadaye alinyamaza kwa sababu nyingine. Kila kopo lilipokaribia kwisha, jingine lilikuja, na Wilbard alikuja nalo, akakaa, akamzungumzisha baba yake kama daktari alivyosema. Bernadina aliona wazi kwamba siku swali litakapopata jibu, vidonge vitakwisha, na jina lake litakuwa bado halijatamkwa. Hakuona haya. Alikaa na siri hiyo bila kujisikia vibaya wala vizuri, akakoroga unga kwenye maziwa.

Jumapili moja baada ya misa, Wilbard alifika na makopo mapya. Mzee alikuwa amekaa juani, ana siku njema. Siku kama hizo zilikuwapo hata kabla ya Godlisten na begi lake, moja moja, kama jua la masika. Wilbard akachuchumaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Wa kwako, baba. Yule ng'ombe mwekundu, ulimpeleka wapi?"

"Yule mwenye baka jeupe tumboni?" Akonaay akasema. "Si yuko Gendabi, kwa Gidahosh."

Bernadina alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkono mmoja, vidonge kiganjani.

"Tulitoka alfajiri," mzee akaendelea, sauti yake ya zamani kabisa. "Ndama alikuwa mchanga, hawezi mwendo. Mke wangu akambeba. Mvua ikatukuta njiani, mvua kweli kweli, tukalala kwa watu tusiowajua. Hakulalamika. Nikamwambia, Bernadina, jambo hili liishie kwetu wawili. Mpaka leo hajasema." Akatabasamu. "Kijana, yule mwanamke ana kifua."

Limetoka. Jina zima, kwa mdomo wake. Bernadina alisubiri ageuke, na kweli akageuka, akamwona pale mlangoni, akainamisha kichwa.

"Mama, umesimama sana," alisema kwa heshima. "Kaa. Mke wangu akija atakupa chai."

Bernadina akakaa. Alijitafutia machozi, hakuyapata.

Wilbard alikuwa anamtazama. "Mama. Kumbe ulikuwa unajua?"

"Hamkuniuliza."

"Muda wote huu nahangaika na vidonge, na wewe unajua?"

"Ningesema, ungeendelea kuleta?"

Wilbard akaanza kufuta vumbi kwenye kiatu chake ambacho hakikuwa na vumbi.

Wiki iliyofuata alikwenda Gendabi. Gidahosh alikuwa mzee naye, lakini kichwa chake kilikuwa kizima. Alimwonyesha uzao wote wa yule mwekundu bila kuficha mkia, akauliza habari za rafiki yake na za mke aliyebeba ndama. Ng'ombe wakaja kwa lori, wakaingia zizini kwa Wilbard. Kuhusu vidonge, Wilbard hakukataa kununua tena, wala hakusema kitu. Alisahau tu.

Vidonge vya samaki ndivyo vilivyoisha kwanza, kisha vya ginko. Unga wa mlonge ulibaki kidogo chini ya kopo, na Bernadina akaumalizia kwenye maziwa asubuhi moja ya baridi.

"Shikamoo, mama," Akonaay alisema, akipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Marahaba."

Akanywa, akatazama barabara. "Bernadina hajarudi?"

"Bado," Bernadina akasema.

"Ukimwona, mwambie namsubiri."

"Nitamwambia," akajibu, akapokea kikombe, akaenda kukiosha.