Ufunguo Kwenye Leso ya Mpinzani

Jumamosi, kwenye bichi ya Usenge, mama mmoja mnunuzi wa samaki alifunga mlango wa pikapu yake, kisha akaona ufunguo ukining'inia ndani. Nyuma, barafu ilikuwa ikiyeyuka juu ya samaki wa kupeleka Kisumu.

Wanaume tukamzunguka na ushauri wetu. Mmoja alileta waya, mwingine akaokota jiwe.

"Mama, tuvunje tu kioo!"

"Weka hiyo jiwe chini, Bwana," akasema bila kugeuka. Kisha akamwita mnunuzi mwenzake kule kwenye mizani, yule yule waliyegombania naye samaki asubuhi hiyo. "Wewe! Leta ufunguo yangu!"

Mpinzani akaja bila haraka, akafungua fundo la leso kiunoni, akatoa ufunguo wa akiba. Mlango ukafunguka. Vigelegele vikapaa, na mwenye jiwe akaliangusha kimyakimya.

"Mama, unampa mshindani wako ufunguo?" nikauliza.

"Na mimi niko na yake," akajibu, akipapasa fundo la leso yake mwenyewe. "Rafiki yangu yuko nyumbani. Huyu, kila bichi naenda, namkuta."

Akaondoka akipiga honi. Ufunguo wa akiba wa gari langu uko nyumbani Kisumu, kabatini. Marafiki ninao wa kutosha. Sasa natafuta mpinzani wa kuaminika.