Shilingi ya Simba

Mzee Mathias hakutaka mahari ya binti yake Regina itimie, na hilo alilifanya kwa makusudi. Walipatana shilingi mia sita, mwaka 1964. Paulo, mtu wa Butere, Kenya, msaidizi wa dereva kwenye treni ya Kilosa na Mikumi, alikuja nazo zote zimefungwa kwenye kitambaa. Mathias, aliyekuwa mnyapara wa genge la kutengeneza njia hiyohiyo ya reli, alihesabu mia tatu, kisha akazisukuma zilizobaki zikarudi kwa mshenga.

"Hizi akae nazo," alisema. "Mkwe asiyedaiwa hana sababu ya kupiga hodi."

Ndivyo yeye mwenyewe alivyofanyiwa na baba wa mkewe, Katarina, kule milimani Vidunda, na kila mavuno alipiga hodi kwa wakwe mpaka walipozikwa. Siku hizi mahari hulipwa yote asubuhi, na jioni mkwe hamjui mkwe.

Wakati ule shilingi ilikuwa moja tu Afrika Mashariki nzima. Upande huu kichwa cha mfalme wa Uingereza, upande ule simba, na simba aliyetoka mfukoni Kilosa alinunua chumvi ileile Butere. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa yake. Watu waliambiwa zinalingana, na kwa miaka kadhaa zililingana kweli. Paulo alihamishiwa kwao, lakini kila likizo alimleta Regina na watoto. Akigusia mia tatu, Mathias alimkatiza kauli: "Kula ugali kwanza. Deni halina miguu, litakimbilia wapi?"

Kisha mambo yakaja kwa mfululizo. Mwaka 1974 Mathias na Katarina walishushwa kutoka shambani kwao katika operesheni ya vijiji, wakapangwa kwenye mstari wa nyumba kando ya barabara ya Mikumi, na migomba yao ikabaki nyuma inawaivia nyani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, reli ikagawanywa, mpaka na Kenya ukafungwa. Barua ya mwisho ya Regina ilisema, "Tutakuja Krismasi." Krismasi mbili zilipita.

Mwaka 1979 akaja Filipo, mchuuzi wa Mikumi aliyevuka mpaka kwa njia za panya kutafuta sabuni.

"Shikamoo, mzee. Nimetumwa na mkweo."

"Marahaba. Regina hajambo?"

"Sikumwona. Nilikutana na bwana mwenyewe, stesheni." Filipo akatoa noti za Kenya, shilingi mia moja na hamsini. "Kasema mahari imekwisha."

"Tunadaiana mia tatu."

"Ndizo hizo. Pale mpakani Namanga shilingi yao moja inachukua mbili zetu. Piga hesabu."

Katarina, aliyekuwa akichambua kunde, hakuinua kichwa. "Kwa hiyo mwanangu naye siku hizi ni nusu?"

Mathias alizikunja noti, akazitia mfukoni. Kesho yake alivaa koti lake la reli, akapanda treni mpaka Kilosa, akaingia benki.

Karani alizitazama noti, akamtazama na yeye. "Umezipata wapi, mzee?"

"Mkwe wangu kalipa mahari."

Karani akashusha sauti. "Kwa bei ya serikali utapata mia moja sitini na nne tu. Huko mtaani..."

"Mtaani napajua. Nipe ya serikali, na uniandikie karatasi."

Watu wazima walikuwa wakiicheka bei ile, wakisema ipo kwenye vitabu tu. Mathias aliikunja karatasi yake kama cheti cha ubatizo. Mia moja sitini na nne zimelipwa, basi mia moja thelathini na sita hazijalipwa, na serikali ndiyo shahidi. Safari ya Filipo iliyofuata, alimpa karatasi ile apeleke. "Mwambie bado. Na azilete mwenyewe, na mke wake."

Filipo alirudi baada ya mvua za masika, peke yake. Akaweka juu ya mkeka noti ya mia, ya ishirini, ya kumi, sarafu ya tano na sarafu ya shilingi moja. Zote za Tanzania.

"Kazinunua palepale mpakani," alisema huku akicheka kidogo. "Zimemgharimu sitini na nane za kwao. Mkweo ana akili, mzee."

"Akili anayo," alisema Katarina. "Alichokosa ni aibu."

"Umemwona Regina?" aliuliza Mathias.

"Hapana, mzee."

Mathias alizihesabu fedha zile mara mbili. Zilikuwa kamili, na karatasi yake mwenyewe ndiyo iliyozikamilisha. Mwishowe akaiokota ile sarafu ya shilingi moja, akaiweka kwenye kiganja cha Filipo, akamfumba vidole.

"Mrudishie. Hii siyo tuliyopatana. Tulipatana za simba. Nyingine zote nimesamehe, nimebakiza moja. Anitafutie shilingi moja ya simba, aje nayo mpaka mlangoni kwangu."

"Mzee, za simba hazipo tena. Hakuna duka linalozipokea."

"Najua."

Tangu siku hiyo alitembea kama mtu aliyepata usingizi mnono. Aliwaambia majirani kwamba mkwe wake bado anadaiwa. Deni lisiloweza kulipwa, alisema, ni kamba isiyokatika. Alimwambia Katarina afuge jogoo mmoja asiuzwe, maana wageni hawatoi taarifa. Katarina alimfuga, kamba mguuni.

Mwaka ulipokaribia kwisha Filipo alibisha hodi, akakaa bila kutua mzigo. Hakuwa na mzaha siku hiyo. Alitoa bahasha ndogo, imebandikwa vizuri, haina jina la mtumaji.

Mathias aliichana pembeni, akapenyeza vidole kutafuta barua. Hamkuwa na barua. Aliigeuza bahasha juu ya mkeka, ikaanguka shilingi moja, nyeusi kwa ukale, ikazunguka kidogo na kulala.

Katarina ndiye aliyeiokota. Aliifuta kwa ncha ya khanga yake mpaka simba akaonekana, kisha akaiweka mkononi mwa mumewe, akatoka nje kumfungulia yule jogoo wa wageni kamba ya mguu, aende zake.