Pistoni Tatu Kwenye Kaburi la Koko

Nakumbuka asubuhi ile ya vita, hapa Bunia, mwanangu, siku tuliyomzika koko, mama ya baba yangu. Alikuwa amekimbia kutoka Djugu kwa miguu, akafika kwetu na sufuria moja tu. Kabla ya kufa alituambia: "Sasa watu wanazikwa kimya-kimya. Miye musinizike hivyo. Mupige tarumbeta mbili."

Mbili ndizo zilizobaki katika fanfari, bendi ya tarumbeta ya parokia. Yangu ilikuwa ya pistoni: unabonyeza, pistoni inashuka, ukiachia inapanda, na sauti inatoka kali kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Ya Papa Longini, mkubwa wetu wa fanfari, ilikuwa na silinda zinazozunguka ndani, zinavutwa na kamba nyembamba. Sauti yake ilimiminika, noti moja ikiingia katika nyingine bila kugongana. Lakini miye kijana nilikuwa na mdomo. Kila mazoezi nilimuuliza: "Papa, hii ni tarumbeta ao kitasa ya mulango?" Yeye alicheka tu.

Asubuhi hiyo nilitoa pistoni zote tatu, nikazifuta vumbi, nikazirudisha mbio-mbio. Zilikuwa na namba. Nilidhani ni mapambo ya mafundi wa Ulaya! Nimesoma mpaka darasa la tatu primeri, sikufichi, lakini kuhesabu mpaka tatu nilijua. Kilichokosekana ni adabu.

Kaburini nikapuliza. Pumzi ikarudi mdomoni. Nikapuliza tena, hakuna. Risasi zilikuwa zinalia upande wa bonde, na baba alitaka tumalize haraka. Papa Longini akaanza wimbo wa maziko peke yake, na kati ya beti mbili akaniinamia:

"Kichwa ngumu weye, angalia namba! Kila moja iko na nyumba yake."

Nikachuchumaa penye udongo wa kaburi. Ya kwanza ilikuwa katika nyumba ya tatu, na ya tatu katika ya kwanza. Nikazibadilisha kwa vidole, nikasimama, na ubeti wa mwisho tukaupiga wawili. Koko hakwenda kimya.

Njiani nilingoja matusi. Muzee Longini akasema: "Kama ni yangu ingekwama, ingeomba meza, nyundo ya mbao, na mutu wa kutulia. Yako inafunguka mu mukono. Iko muzuri ile kitu."

Miezi mingi nilimcheka, naye siku ya aibu yangu akaisifu tarumbeta yangu!

Leo ninazitengeneza za aina zote mbili. Nilijifundisha mwenyewe, na hapa mjini simwoni wa kunishinda. Ile ya kamba ikiletwa, kwanza naisafishia meza, kwa heshima ya muzee.

Basi nakuambia wazi: usicheke kitu ambacho hujawahi kukifungua. Ukikifungua, rudisha kila kipande pale ulipokitoa. Na yule aliyekucheka akikwama, mwonyeshe namba, kisha endelea kupiga mpaka asimame tena. Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na asikuache kamwe upige peke yako.