Shimo la Mavyaa

Mimi ni mtu wa Jilore. Kwetu maji ni ya mto, na ukiyaogopa unayapisha tu, unarudi shambani kwako. Nilipoolewa ufuoni Kilifi, mavyaa yangu, mamake mume wangu, alinicheka hadi akachoka. Kisha akanipa kapu akanipeleka mwambani kuwinda pweza.

Kati ya ufuo na mwamba kuna mkondo. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, unauvuka kwa miguu, yakiishia magotini. Ubaya wake ni kuwa bahari ikianza kurudi, hujaza mkondo kwanza. Wewe uko juu ya mwamba, miguu mikavu, huna habari, na njia ya nyumbani imeshazama nyuma yako.

Asubuhi ile baridi ya kusi ilikuwa imeanza. Upepo uliniingia mifupani, na maji yalikuwa yamechafuka hata chini huoni. Wanawake wengine walirudi mapema. Mavyaa alibaki amepiga magoti kwenye shimo lake, mkono na chuma chake cha kuchomea pweza vimezama hadi kiwiko. Mashimo ya pweza kule yana wenyewe, na lile aliachiwa na mamake. Lakini ukimchoma pweza ukamwacha ndani, shimo si lako tena. Atakayemtoa ndiye mwenyewe. Na yeye alikuwa ameshamchoma.

"Mama, maji yarudi," nikamwambia.

"Nayaona."

Muongo. Alikuwa ameyapa mgongo. Nilitaka kumvuta, lakini mavyaa havutwi leso. Nilikasirika, nikaogopa, nikakasirika tena.

"Mama, twende. Pweza wako wengi."

"Sishiki pweza, mwanangu. Nashika shimo."

Alipomtoa, mkondo ulikuwa mweusi. Tuliingia tumeshikana. Maji yalinifika kifuani. Yeye ni mfupi, yalimfika kidevuni. Katikati wimbi likamfunika, na mkono wake ukaniponyoka. Niliukamata tena kwa bahati tu, sijui hata leo niliukamataje. Nikamburura hadi mchangani, akatapika maji, pweza bado yuko kwenye mkono wake wa pili.

Jioni alilala akikohoa, kikohozi cha kutoka chini kabisa. Mume wangu aliketi kando ya kitanda akamkataza bahari.

"Huendi tena, mama. Utatufia."

Safari hii hakubisha. Nikamshukuru Mungu. Nilidhani yamekwisha.

Kisha akaniita, akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa wa baridi bado.

"Bamvua haijaisha," akasema. "Na wenzangu wameniona nikirudi vile. Kesho wataenda kulitazama shimo, na wakilikuta halina mtu watalichukua. Nenda wewe ukakae pale. Sasa ni lako."

Nilimgeukia mume wangu anitetee. Alinitazama kidogo, akainuka kuizima taa.

"Basi lala mapema," akaniambia.