Redio ya Kakese Haikuwa Mbovu

Admin, ukiirusha hii nifiche kabisa, maana mume wangu naye ana simu na wanangu wamo humu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tano, naishi Mpanda mjini, kwetu ni Majimoto. Nina watoto wanne wakubwa na ndoa ya kanisani. Ninachowaandikia kilianza miaka ya tisini na hadi leo sijamwambia mtu.

Mume wangu, nimwite Baba Neema, alinioa akiwa fundi wa mradi mmoja wa maji. Aliniambia yeye ni Muha wa kule Kasulu, wazazi walishakufa, hana ndugu. Siku ya harusi upande wake walikaa wafanyakazi wenzake tu. Mama yangu aliniuliza, "Mtu anakosaje hata shangazi?" Mimi nilimwonea huruma.

Kazi yake ilikuwa redio za data. Nyie msifikirie redio ya taarifa ya habari. Ni boksi la chuma linafungwa kwenye kibanda cha pampu, antena inapandishwa kwenye mlingoti, halafu linatuma ofisini mjini habari za maji bila mtu kusema neno: tangi limejaa au halijajaa, pampu inafanya kazi au imezima. Moja ilikuwa kijijini Kakese. Kila baada ya muda mfupi ananiambia, "Mama Neema, redio ya Kakese inasumbua, nitalala huko." Anafunga mfuko wake kwenye pikipiki, anaondoka.

Siku moja Neema, akiwa bado ananyonya, akashikwa na degedege. Nikambeba mgongoni mpaka ofisini kwao. Nilimkuta dada mmoja wa zamu, mbele ya kompyuta. Nikamwambia, "Naomba umwite Baba Neema, yuko Kakese, mtoto anazidiwa."

Akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi. "Wifi, Kakese hakuna mtu."

"Umejuaje na wewe uko hapa?"

Akanielewesha kwamba ile redio inajitolea taarifa yenyewe pia, ili fundi asiende bure porini. Inasema betri yake ikoje, mawimbi yakoje, hata mlango wa kibanda ukifunguliwa inasema. "Betri nzima, mawimbi mazuri, na mlango haujaguswa wiki hii. Hii redio haijaharibika tangu masika." Alivyomaliza akainamisha uso, nadhani alijuta kunieleza.

Nilikwenda hospitali peke yangu. Mtoto alipona. Baba Neema aliporudi kesho yake alilia kweli kusikia mwanae aliugua, kisha akasema, "Yaani nilikuwa juu ya mlingoti kutwa nzima." Nilimtazama mdomo unavyosema.

Tangu hapo nikawa mpelelezi ndani ya nyumba yangu. Nanusa mashati. Yalikuwa yananuka moshi na majani ya tumbaku, na Kakese sikuwa najua mlimaji wa tumbaku. Sabuni ikipungua najua amempelekea mwanamke. Kanga niliyoiona kwenye mfuko wake sikupewa mimi. Nikaanza kumchukia huyo mwanamke kabla ya kumjua.

Mwishowe dereva mmoja wa lori la tumbaku, jirani yetu, akaniambia kama utani, "Mzee wako namwona sana Katumba, kwa wakimbizi wa Burundi." Safari iliyofuata ya "redio", nikamwacha Neema kwa mama na kupanda lori hilo hilo. Dereva alinishusha akanionyesha njia. Pikipiki niliiona kwa mbali. Nikajibanza nyuma ya bani la kukaushia tumbaku.

Mume wangu alikuwa amekaa chini, anamwosha miguu bibi kizee. Bibi amevaa ile kanga. Akamshika kichwa, akamwita, "Nyandwi, mwana wanje." Hata mimi nisiyejua Kirundi nilielewa: mwanangu.

Mama mmoja aliyetoka shambani akanikuta pale, akauliza namtafuta nani. Nikasema nimepotea njia. Nikamuuliza yule kijana ni nani. "Huyo ni Nyandwi, mtoto wa yule bibi. Anafanya kazi mjini, na huko kazini hawajui kwamba kwao ni hapa. Usimseme, dada. Wakijua ni mkimbizi watamfukuza kazi."

Nikarudi bila kuonekana. Miaka ile vita ilikuwa imewaka Burundi, na vilabuni mjini watu walishaanza kusema ile mitambo ya maji isiyoongea inapeleka siri huko. Wangejua anayeishika ametoka Katumba, asingefukuzwa tu. Kwa hiyo akisema "redio inasumbua", mimi nachemsha mihogo ya kubeba njiani na kumwekea sabuni ya ziada. Hakuwahi kuuliza kwa nini ya ziada.

Mambo yakabadilika. Watu wa Katumba wengi walipewa uraia wa Tanzania. Nikangoja aniambie, hakusema. Mwaka jana alirudi amenyoa kichwa, macho mekundu. Nikauliza nani amefariki. "Mzee mmoja tuliyefanya naye kazi." Nikajua mkwe wangu amezikwa bila mimi kumwagia udongo, na wanangu wana bibi hawakumjua. Nililia chooni.

Sasa sikilizeni kinachonikondesha. Amestaafu. Redio zile zilishang'olewa. Mama yake hayupo. Lakini mwezi uliopita amefunga mfuko tena, kaniambia anakwenda kumsalimia rafiki Kakese, na karudi shati linanuka tumbaku. Wiki hii ameondoka tena, na humo mfukoni niliona viatu vya mtu mzima vya kike, vipya.

Aliyeweza kunificha mama yake miaka yote hii, anashindwa kunificha nini kingine? Au ni dada yake, nami namdhania vibaya? Nikimuuliza, atajua nilimfuata na nikanyamaza muda wote huo. Nisipouliza, nitazeeka na mtu ambaye hata jina lake nililisikia kwa kujificha. Amesema atarudi Jumapili. Nyie wenzangu, akiingia mlangoni nimwite Baba Neema, au nimwite Nyandwi?